Mahali pa Kusimama: Mwongozo kwa Waamuzi wa Netiboli wa Shinyanga na Geita

Uamuzi wa netiboli hujengwa juu ya mambo mawili, kuijua kanuni na kuliona tukio. La kwanza hufundishwa kwa kitabu, ilhali la pili mara nyingi huachwa mwamuzi ajifunzie mwenyewe uwanjani. Mwalimu wa Kishapu au wa Bukombe anaweza kuzitaja kanuni zote bila kukosea, lakini akisimama mahali ambapo mgongo wa mlinzi unaifunika mikono ya mfungaji, kanuni hizo hazitamfaa, kwa kuwa atapuliza filimbi kwa kukisia jambo alilopaswa kuliona. Mwongozo huu, basi, haurudii kanuni zote za mchezo. Unaeleza namna mwamuzi anavyopaswa kusimama, kusogea, kutazama na kushirikiana na mwenzake katika viwanja vya Shinyanga na vya ukanda wa dhahabu wa Geita. Huko mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na ya UMISSETA kwa sekondari huanzia shuleni na kwenye kata kabla ya kufika wilayani, mkoani na taifani, na mabonanza ya watumishi wa halmashauri na wa migodi huwarudisha watu wazima katika mchezo waliouacha shuleni.

Uwanja na njia ya mwamuzi

Uwanja kamili wa netiboli una urefu wa meta 30.5 na upana wa meta 15.25. Mistari miwili ya kukatisha huugawa katika sehemu tatu zilizo sawa, yaani theluthi mbili za magoli na theluthi ya katikati. Kila mwisho kuna nusu duara la kufungia lenye nusu kipenyo cha meta 4.9, na katikati kabisa kuna duara dogo lenye kipenyo cha meta 0.9, ambamo mchezaji wa kati, mwenye herufi C kifuani, huanzishia mpira. Vipimo hivi vinajulikana kwa walimu wengi wa michezo. Kinachosahaulika ni nafasi wazi inayouzunguka uwanja, ambayo kwa viwango vya kimataifa inatakiwa kuwa na upana wa takriban meta 3 kila upande, na hapo ndipo mwamuzi anapofanyia karibu kazi yake yote.

Waamuzi ni wawili, na mgawanyo wa kazi yao unafaa kueleweka vizuri tangu mwanzo. Kila mmoja ana nusu yake, inayotenganishwa na ya mwenzake kwa mstari wa kufikirika unaopita katikati ya uwanja kutoka pembeni hadi pembeni, na makosa yanayotokea ndani ya nusu hiyo huamuliwa na yeye. Pamoja na nusu hiyo ana mstari wa goli ulio mwisho wake, na tena ana mstari mmoja wa pembeni kwa urefu wake wote, ikiwemo ile sehemu inayopita katika nusu ya mwenzake. Kwa sababu hiyo waamuzi husimama pande zinazotazamana, na njia ya kila mmoja ina kona moja, ikianzia pembeni mwa uwanja na kuishia nyuma ya goli. Timu hubadilishana magoli kila robo inapokwisha, lakini waamuzi hubaki katika nusu zao mpaka mwisho wa mechi, na utaratibu huu una haki ndani yake, kwa kuwa mashambulizi ya timu zote mbili hupimwa na jicho lile lile.

Katika mikoa hii jicho la mpenzi wa michezo limelelewa na soka. Stand United na Mwadui ziliipeleka Shinyanga kwenye Ligi Kuu, Geita Gold ikaingia ligi hiyo mwaka 2021, na si ajabu kumkuta mwalimu mwenye filimbi ya netiboli akiwa amejifunzia uamuzi katika mpira wa miguu. Mwamuzi wa soka hukimbia ndani ya uwanja kwa njia ya mshazari, utaratibu unaohusishwa na Mwingereza Stanley Rous, huku wasaidizi wake wawili wakiitunza mistari ya pembeni. Mwamuzi wa netiboli hana msaidizi wa mstari, na uwanja wake ni mdogo kiasi kwamba akizoea kuingia ndani ataziba njia za pasi, atagongana na wachezaji wanaokimbia huku wakitazama nyuma na, lililo baya zaidi, ataupoteza mtazamo wa pembeni ambao ndio unaoonyesha miguu na umbali. Kanuni zinamruhusu kuingia pale kazi inapomlazimu, kisha atoke. Anayehamia kutoka soka anapaswa kuanza kwa kuiacha tabia hii, hata kabla ya kujifunza ishara za mikono.

Njia ya mwamuzi ikizibwa, uamuzi huharibika. Katika mechi za kata watazamaji husogea kadiri mchezo unavyonoga, watoto wadogo huketi juu ya mstari wenyewe ili waone, na kufikia robo ya pili mwamuzi hujikuta ama akipita nyuma ya umati ama akikimbia ndani ya uwanja miongoni mwa wachezaji. Dawa yake huandaliwa kabla ya mechi, nayo ni kamba iliyofungwa kwenye vigingi, hatua tatu ndefu kutoka kwenye mstari, pamoja na mwalimu wa zamu kila upande wa kuwazuia watu wasiivuke. Mwamuzi asikubali kuanzisha mechi kabla kamba haijafungwa, na watu wakiivuka wakati mchezo unaendelea, ni halali yake kusimamisha mchezo na kumtaka kiongozi wa uwanja awarudishe.

Jambo hili linawahusu pia wanaojenga viwanja vipya. Tangu Sheria ya Madini iliporekebishwa mwaka 2017, wenye leseni za uchimbaji hutakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri za maeneo yao. Halmashauri za Geita, Msalala au Kahama zikiingiza viwanja vya michezo katika mipango ya namna hiyo, ni vyema michoro ioneshe ile nafasi ya meta 3 tangu siku ya kwanza. Sakafu ya zege inayokomea kwenye mstari, na mfereji wa maji ukiwa pembeni yake, ni hatari kwa mchezaji anayeukimbilia mpira na ni hatari zaidi kwa mwamuzi anayerudi kinyumenyume huku macho yake yakiwa kwenye mchezo.

Viwanja vingi, hata hivyo, bado ni vya udongo, na udongo huo una tabia zake. Katika ule wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, mguu huzama na hatua huchelewa, hivyo mwamuzi anapaswa kuanza kuondoka mapema kuliko ambavyo angeondoka kwenye sakafu ngumu. Katika udongo mweusi wa mbuga, kiangazi huacha nyufa ambazo huteguza vifundo vya miguu, na mvua ikinyesha tope hushika viatu. Kabla ya kila mechi mwamuzi aitembee njia yake yote, pembeni na nyuma ya goli, aokote mawe na mabua, afukie nyufa kwa mchanga na atambue mahali penye utelezi, kwa kuwa wakati wa mchezo hatakuwa na nafasi ya kutazama anapokanyaga.

Jua nalo lipangiwe. Shinyanga na Geita zipo karibu na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huzama upande wa magharibi bila kupotoka sana kaskazini wala kusini, na ndiyo maana inashauriwa magoli yawekwe kaskazini na kusini ili wafungaji wasilitazame jua la jioni. Mpango huo huwanusuru wachezaji, lakini humwacha mwamuzi wa upande wa mashariki akilitazama jua kila anaposimama pembeni. Nafuu yake ni mstari wa goli, kwa sababu akiwa huko hutazama kaskazini au kusini. Mwamuzi aliyepata upande wa mashariki katika mechi ya saa kumi na moja jioni atavaa kofia yenye ukingo na atawahi zaidi kuizunguka kona mpira unapoelekea golini, na mechi za fainali, ikiwezekana, zisisogezwe hadi saa hiyo.

Kusogea pamoja na mchezo

Kanuni ya kwanza ya kusogea ni kwamba mwamuzi awe sambamba na mpira au mbele yake kidogo kuelekea goli la nusu yake, na asikubali kuachwa nyuma. Aliyeachwa nyuma huona migongo, na kwenye mgongo hakuna linaloonekana kuhusu mikono, mguu uliotua wala umbali kati ya wachezaji. Kwa kuwa pasi husafiri haraka kuliko mtu yeyote anavyoweza kukimbia, mwamuzi hawezi kuufukuza mpira akaufikia. Hana budi kuusoma mchezo, ajue kwamba C aliyeupokea mpira akitazama kulia huenda akampa mchezaji wa pembeni mwenye herufi WA, na awe ameshaondoka kuelekea huko kabla pasi haijatoka.

Mwendo wenyewe ni wa aina tatu. Katika umbali mfupi hutumia hatua za ubavu, ambazo mguu mmoja huusogelea mwingine bila kupishana nao, na kifua hubaki kimeelekea uwanjani. Katika umbali mrefu, hasa mpira unaponyang'anywa na kurushwa mbali, hukimbia akitazama mbele huku kichwa kikiwa kimegeukia mchezo. Kurudi kinyumenyume hutumika kwa hatua chache tu, pale anapotaka kupanua mtazamo wake. Katika mwendo wowote asiupe mchezo mgongo, hata wakati wa kurudi katikati baada ya goli, kwa kuwa kusukumana kwingi kwa makusudi hutokea pale wachezaji wanapoamini kwamba hakuna anayewatazama.

Akiisha kufika mahali pake, mwamuzi hutafuta pengo. Pengo ni ule uwazi unaoonekana kati ya mshambuliaji na mlinzi, na mwamuzi anayeuona anaweza kusema kwa hakika kama mkono ulimgusa mwenzake au ulipita hewani. Miili miwili inapoonekana kama mmoja, pengo limefungwa, na mara nyingi hatua moja au mbili za ubavu hutosha kulifungua tena. Waamuzi wengi wanaoanza husimama palepale na kurefusha shingo, kumbe tatizo huondolewa na miguu. Katika mechi za shule za msingi, ambako wachezaji ni wafupi na mambo mengi hutokea chini, inafaa pia mwamuzi akunje magoti kidogo ili macho yake yashuke.

Macho yana utaratibu wake. Mpira unapotoka mikononi mwa mpasiaji, mwamuzi asiufuate angani, bali ayatangulize macho pale unapokwenda kupokelewa, aone kwanza miguu ya mpokeaji inavyotua, kisha mikono ya wanaougombea, kisha umbali wa mlinzi. Utaratibu huu unatokana na kanuni zenyewe. Mguu uliotua kwanza ndio unaohesabiwa, yaani mchezaji anaweza kupiga hatua kwa mguu wa pili na hata kuuinua ule wa kwanza, ila ni lazima aachie mpira kabla mguu huo wa kwanza haujakanyaga tena, na mpira wenyewe usikae mikononi zaidi ya sekunde 3. Mlinzi naye hukaa umbali usiopungua meta 0.9, unaopimwa ardhini kutoka kwenye mguu huo uliotua kwanza hadi kwenye mguu wake ulio karibu zaidi. Mwamuzi ambaye hakuuona mguu ukitua hana pa kuanzia kupima, hivyo hawezi kuamua kwa haki kosa la hatua wala kosa la umbali.

Mpira ukiwa katika nusu ya mwenzake, mwamuzi hajapewa likizo. Husogea hadi karibu na katikati ya uwanja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mstari wake wa pembeni unaendelea hadi mwisho wa uwanja, na mpira ukitoka kwenye mstari huo, hata mbali kiasi gani, ni yeye anayeamua nani anarusha. Ya pili ni kwamba nusu yake bado ina watu, kwani mfungaji GS na mlinzi wake GK hawaruhusiwi kuingia theluthi ya katikati, hivyo hubaki huko wakisubiri, na msukumano unaoanza wakati huo ndio unaozaa ugomvi dakika kumi baadaye. Mtazamo mmoja wa haraka kwa jozi hiyo kila pasi chache, pamoja na neno moja la utulivu, huokoa filimbi nyingi.

Pasi ya kuanzia

Kila baada ya goli mchezo huanzia katikati, timu zikipokezana pasi hiyo bila kujali nani amefunga. Kabla ya filimbi wachezaji wote isipokuwa C wawili huwa ndani ya theluthi za magoli, na kwenye kila mstari wa kukatisha hujipanga wanne, wawili wa kila timu, wakitaka kuwahi kuingia theluthi ya katikati. Filimbi ikilia wote huondoka kwa pamoja, na anayeuvuka mstari kabla yake ameotea, yaani ameingia eneo ambalo kwa wakati huo haruhusiwi kuwamo.

Kila mwamuzi huulinda mstari wa kukatisha ulio katika nusu yake, na mahali pazuri pa kuulindia ni usawa wa mstari huo wenyewe au hatua moja ndani yake kuelekea katikati, mahali anapoweza kuuona mstari ukiwa umenyooka na papo hapo kuliona duara la katikati kwa pembe ya jicho. Asiyekuwa na jukumu la kupuliza ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi ya kuutazama mstari wake, hivyo asiupoteze muda huo kwa kumtazama C. Filimbi ikishalia, wote wawili huthibitisha jambo moja zaidi, kwamba mpira umedakwa au umeguswa ndani ya theluthi ya katikati kabla ya kwenda mbele, kwa sababu mpira hauruhusiwi kuiruka theluthi nzima bila kuguswa.

Kwenye duara la kufungia

Sehemu hii ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa matokeo ya mechi huamuliwa humo na malalamiko mengi hutokea humo. Wanaoruhusiwa kuingia ndani ya nusu duara ni wanne tu, wafungaji GS na GA pamoja na walinzi GD na GK, na wanaoruhusiwa kufunga ni wale wawili wa kwanza. Nje ya duara, karibu kabisa na mstari wake, huzunguka WA na C wa timu inayoshambulia pamoja na wanaowakaba, na mguu mmoja ukiugusa mstari wa duara tayari kosa limetendeka. Yote haya hutokea katika eneo lisilozidi meta 4.9 kutoka golini, chini ya pete iliyo juu kwa meta 3.05.

Mpira unapoingia theluthi ya goli lake, mwamuzi huizunguka kona na kuhamia kwenye mstari wa goli. Kuhama huku kusicheleweshwe hadi mfungaji aupate mpira, maana pasi ya mwisho ndiyo inayogombewa zaidi, na anayebaki pembeni wakati huo humwona mlinzi akiwa ametanda mbele ya mfungaji bila kujua mikono yake ipo wapi. Akiwa kwenye mstari wa goli huuona mchezo ukimjia, na nyuso, mikono na miguu vyote huwa wazi kwake.

Mahali hasa pa kusimama kwenye mstari huo hutegemea mpira ulipo. Mpira ukiwa upande wake wa duara, hubaki karibu na kona, kwa sababu akisogea zaidi atakuwa karibu mno na miili na atapoteza picha nzima. Mpira ukiwa mbele ya goli, husogea hadi kati ya kona na nguzo, mahali ambapo mfungaji na mlinzi wake huonekana kwa ubavu na umbali wa meta 0.9 hupimika kwa jicho. Mpira ukienda upande wa pili wa duara, hana budi kuisogelea nguzo, na mara nyingine kuipita kwa hatua moja, kisha arudi mara tu mpira unapoondoka huko. Mahali pa kuepuka ni nyuma ya nguzo moja kwa moja. Nguzo ni nyembamba na viwanja vingine huifunga sponji tu, lakini kwa mtu aliye nyuma yake hutosha kabisa kuuficha mkono unaomgusa mfungaji kwenye kiwiko.

Mfungaji anapojiandaa, mwamuzi aangalie kwanza chini. Mlinzi aliye ndani ya umbali wa meta 0.9 haruhusiwi kuinua mikono ili kuzuia, ilhali aliyesimama nje ya umbali huo anaweza kuinua mikono na hata kuegemea mbele bila kosa, mradi asimguse mfungaji wala mpira ulio mikononi mwake. Tena, mfungaji mwenyewe akipiga hatua ya kumsogelea mlinzi, umbali umepunguzwa na yeye, na mlinzi hana hatia. Makosa ya kuonea walinzi warefu hutokea hapa, kwa kuwa mikono mirefu iliyo juu ya uso wa mfungaji huwafanya watazamaji wapige kelele na humfanya mwamuzi asiyeitazama miguu awafuate watazamaji.

Mpira ukishatoka mikononi, kishawishi ni kuutazama ukipaa kuelekea kwenye pete. Mwamuzi aupe mtazamo mfupi tu, kwa sababu goli huhesabiwa mpira wote unapopita ndani ya pete kutoka juu kwenda chini, na hilo huonekana bila kukaziwa macho. Kinachohitaji macho yake ni wachezaji wanne walio chini, wanaosukumana kwa nyonga na viwiko wakisubiri mpira uliokosa. Akiyashusha macho mapema ataona nani alimsukuma nani; akichelewa ataona mmoja ameanguka, na atabaki kuchagua wa kumwadhibu.

Penalti inapotolewa ndani ya duara, mshambuliaji huchagua kupasi au kufunga, na mkosaji husimama kando yake bila kushiriki mchezo hadi mpira utoke mikononi mwa mpigaji. Mwamuzi aoneshe mahali pa penalti kwa mkono, ahakikishe mkosaji amekaa panapostahili, kisha macho yake yaondoke kwa hao wawili na kwenda kwa mlinzi wa pili, ambaye sasa ndiye pekee anayeweza kuzuia na ndiye anayeelekea kufanya kosa linalofuata.

Mlinzi akiunyaka mpira, safari ya kurudi huanza papo hapo. Mwamuzi aliyeganda kwenye mstari wa goli akiisubiri pasi ya pili atakuta mpira umeshafika katikati na mstari wake wa pembeni hauna mtu. Kwa sababu hiyo wenye uzoefu husimama kwenye mstari wa goli wakiwa wameelekeza mguu mmoja kwenye kona, tayari kuondoka.

Filimbi, sauti na mkono

Filimbi iwe fupi na kali kwa kosa, ndefu kidogo kwa kuanza na kumaliza robo. Ngoma na vigelegele vya mechi za shule humeza filimbi dhaifu, na filimbi isiyosikika hufanya wachezaji waendelee kukimbia na kugongana. Baada ya filimbi mwamuzi hutaja kosa na adhabu, humtaja mkosaji kwa herufi yake, na huonesha kwa mkono ulionyooka upande unaopewa mpira. Goli huoneshwa kwa mkono ulioinuliwa wima. Maneno yawe machache na ya sauti ile ile kwa timu zote.

Si kila kosa linahitaji filimbi. Timu iliyokosewa ikibaki na mpira na nafasi nzuri, kuusimamisha mchezo ni kuiadhibu timu hiyo, hivyo mwamuzi hutangaza faida kwa sauti na kwa mkono, na mchezo huendelea. Kwa mchezaji anayerudia makosa au kuchezea vibaya kuna ngazi za onyo, na baada yake kusimamishwa kwa dakika 2, na hatimaye kutolewa. Ngazi hizi zifuatwe kwa utaratibu hata pale mchezaji anapokuwa mke wa kiongozi au mtumishi mwenye cheo katika bonanza la mgodi.

Mwenzake wa upande wa pili

Waamuzi wakutane kabla ya mechi, wakague uwanja, nguzo, mpira, kucha na mapambo ya wachezaji, kisha wakubaliane namna watakavyosaidiana. Mwamuzi anaweza kumwomba mwenzake uamuzi wa jambo ambalo yeye hakuliona, na mwenzake hujibu kwa ufupi alichoona, au husema kwamba naye hakuona. Hata hivyo, asiingilie nusu ya mwenzake bila kuombwa, wala asitikise kichwa au kutabasamu na watazamaji pale mwenzake anapozomewa. Kila baada ya goli watazamane kwa nukta moja ili wathibitishe pasi inayofuata ni ya nani, jambo ambalo mwandishi wa magoli naye huliweka kwenye karatasi.

Katika mashindano ya kata, ambako walimu ni wachache na shule zinafahamiana, hutokea mwamuzi akaamua mechi ya shule yake au ya shule aliyosomesha. Ni bora waamuzi wote wawili watoke shule ya tatu. Pale isipowezekana, kinga pekee aliyonayo mwamuzi huyo ni kuonekana na kila mtu akiwa karibu na tukio na akiwa na mtazamo ulio wazi, kwa kuwa uamuzi uliotolewa kutoka mbali hudhaniwa kuwa wa upendeleo hata ukiwa sahihi.

Mazoezi

Jicho la umbali hufundishwa kwa kamba. Kata kamba ya sentimeta 90, iweke ardhini kati ya mguu wa mshambuliaji na mguu wa mlinzi, itazame kutoka pembeni, kutoka kwenye kona na kutoka kwenye mstari wa goli, kisha iondoe na ukisie. Pima, sahihisha, na rudia mpaka kukisia kukubaliane na kamba katika mahali pote patatu. Kwa mwendo, walimu wawili wanaweza kuitumia mechi ya mazoezi ya wanafunzi bila kupuliza filimbi kabisa, kazi yao ikiwa kusogea tu, huku mwalimu wa tatu akiandika kila mara anapomwona mmoja wao yuko nyuma ya mpira au ameupa mchezo mgongo. Zoezi hili linachosha kuliko linavyoonekana, na ndilo lenye faida kubwa zaidi.

Kombe la Dunia la netiboli lililofanyika Cape Town mwaka 2023 lilikuwa la kwanza kuchezwa Afrika, na majirani zetu Uganda walimaliza wakiwa wa tano. Anayepata picha za mechi hizo aitazame robo moja bila kuufuata mpira, akimtazama mwamuzi mmoja tu tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa mafunzo rasmi kuna Chama cha Netiboli Tanzania, CHANETA, na kwa walimu wa Kanda ya Ziwa kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, kisicho mbali na Shinyanga.

Msomaji aliyepangiwa mechi wiki hii aende uwanjani saa moja kabla ya wachezaji, akiwa na kamba, vigingi na filimbi, aipime ile nafasi ya meta 3 kuzunguka uwanja wote, na asianzishe mchezo mpaka iwe wazi.